Kasisi Evan Evans, Mwenye Kunakili Vitabu vya Kale vya Wales

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Katibu alipotuandikia barua kutuomba tusome maneno machache jioni ya leo, nia yetu ya kwanza ilikuwa kusema juu ya mtu mkubwa, jemadari au waziri, kama ilivyo desturi ya hotuba za namna hii. Walakini tulipofikiri tuliona ya kuwa habari za wakubwa zimekwisha kusemwa sana, na tena sisi tuliomo humu si majemadari wala mawaziri. Sisi ni watu wa kalamu. Kazi yetu ni kupokea karatasi, kuzinakili, kuzipanga, na kuzitunza hata siku zitakapotakiwa. Kwa hiyo tumemchagua mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ya karatasi na wino, ingawa yeye alikuwa kasisi, na alikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita katika nchi ya baridi. Jina lake Evan Evans. Watu wa kwao humwita Ieuan Fardd, maana yake Ieuan Mshairi.

Kwanza yafaa tueleze nchi yake. Wales ni nchi ya milima iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Watu wake ni Wawelisi, na lugha yao, Kiwelisi, haifanani na Kiingereza hata kidogo. Kwa sheria za mwaka wa 1536 na 1543 nchi hiyo iliunganishwa na Uingereza, na sheria ikaamuru ya kuwa lugha ya mabaraza na ya watu wenye kazi za serikali iwe Kiingereza. Basi Kiwelisi kikatoka barazani, kikabaki nyumbani, shambani, na kanisani, maana mwaka wa 1588 William Morgan alichapisha Biblia nzima kwa Kiwelisi, na kitabu hicho kiliisaidia sana lugha isife. Lakini mashairi ya zamani, yaliyotungwa kwa ajili ya wafalme wa Wales walipokuwa bado na enzi yao, yalikuwa hayajachapwa. Yalikaa katika vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, ndani ya makabati ya matajiri. Na matajiri wengi walikuwa wameanza kusema Kiingereza na kuiga desturi za London, hata hawakujua tena kuyasoma maneno ya babu zao. Unyevu na panya ndio waliokuwa wasomaji.

Evan Evans alizaliwa mwaka wa 1731 katika shamba liitwalo Cynhawdref, mtaa wa Lledrod. Alisoma katika shule ya Ystrad Meurig, iliyokuwa karibu na kwao, chini ya mwalimu Edward Richard. Mwalimu huyo alikuwa mwana wa fundi cherehani. Yasimuliwa ya kwamba alipoona elimu yake mwenyewe haitoshi aliifunga shule yake kwa muda ili ajifunze zaidi, kisha akaifungua tena. Mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu wa namna hiyo hawezi kuidharau elimu. Kutoka hapo Evans alikwenda Oxford, katika chuo cha Merton, lakini aliondoka bila kupata digrii.

Hapa, ndugu, ndipo penye habari ya kutufurahisha sisi hasa. Waliomwonyesha kijana huyu thamani ya mambo ya kale hawakuwa wakuu wa vyuo. Walikuwa watumishi wa serikali, ndugu watatu wa kisiwa cha Anglesey, ukoo wa Morris. Lewis alipata kuwa mtumishi wa forodha, kisha akapima pwani za Wales na kuchapa ramani za bandari zake mwaka wa 1748. William alikuwa mtu wa forodha katika bandari ya Holyhead. Richard alikuwa karani katika ofisi ya manowari mjini London, akashughulika na mahesabu. Watu hawa watatu walifanya kazi za ofisi mchana, na jioni wakaandikiana barua juu ya mashairi, historia, na maneno ya lugha yao. Na mwaka wa 1751 Richard, yule karani, alikuwa raisi wa kwanza wa chama cha Wawelisi wa London kiitwacho Cymmrodorion. Basi asiseme mtu ya kuwa karani hana nafasi ya kufanya neno lolote illa lile alilotumwa na mkubwa wake.

Lewis Morris alikuwa amehamia karibu na nyumbani kwa Evans. Akamfundisha kijana kanuni za ushairi wa Kiwelisi, ambazo ni ngumu sana, maana sauti za herufi zapaswa kuitikiana ndani ya kila mstari. Akamfundisha pia kuyasoma maandiko ya zamani, yenye herufi za namna nyingine na maneno yaliyokwisha kusahauliwa. Toka siku zile Evans alikuwa na kazi mbili. Kazi ya mshahara ilikuwa ya kanisa, maana alipata ukasisi akawa kasisi msaidizi. Kazi ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kutafuta vitabu vya kale, kuviazima, na kuvinakili kwa mkono wake.

Tueleze kidogo maana ya kasisi msaidizi katika kanisa la siku zile. Mtaa ulikuwa na kasisi wake mwenye haki ya mapato yote. Huyo aliweza kukaa mbali, hata kushika mitaa miwili au mitatu, akamwajiri msaidizi kwa fedha kidogo ili asalishe, abatize, na kuzika. Msaidizi hakuwa na uhakika wa mahali pake. Evans alihamishwa hapa na pale maisha yake yote. Alitumika Manafon, Trefriw, Llanfair Talhaearn, Basaleg, na hata Appledore katika Kent, mbali na kwao. Mitaa yake ilizidi kumi, na katika miaka zaidi ya thelathini hakupewa hata mmoja uwe wake mwenyewe. Wenzetu wanaojua uhamisho wa ghafula, wa kufunga mizigo kabla ya kufungua ile ya safari iliyopita, watafahamu bila maelezo. Lakini Evans alijipatia faida katika taabu ile. Kila alipohamishwa aliuliza: ni nyumba gani hapa yenye vitabu vya kale?

Mwaka wa 1758 alipata kitabu kidogo ambacho wataalamu wa zama zake hawakukijua. Ndicho kiitwacho leo Kitabu cha Aneirin. Kiliandikwa katika karne ya kumi na tatu, lakini shairi lililomo, liitwalo Gododdin, lasimulia vita vya zamani zaidi, yapata mwaka wa 600. Lasifu wapiganaji kama mia tatu waliokwenda kupigana mahali paitwapo Catraeth, ambapo wataalamu wengi wasema ndipo Catterick ya leo kaskazini mwa Uingereza, na karibu wote wakaanguka. Lewis Morris alimwandikia mwalimu Edward Richard kumpa habari. Alisema ya kuwa kwao wawili jambo hilo lilikuwa kubwa sawa na Columbus kuiona Marekani, na kwamba shairi lile laweza kusimama pamoja na tenzi kuu za Wayunani na Warumi. Fikirini furaha ya siku ile: mwalimu wa shule, mtumishi wa serikali, na kasisi msaidizi asiye na mtaa, hao ndio waliopata hazina ya taifa zima.

Evans hakujisifu kuwa ayafahamu yote. Maneno ya washairi wale wa kwanza ni ya kale mno, na alikiri waziwazi ya kuwa mengi yamemshinda. Twaomba mkumbuke jambo hili, kwa sababu siku zile zile mambo mengine yalikuwa yakitendeka. Tangu mwaka wa 1760 James Macpherson wa Scotland alichapa mashairi kwa Kiingereza, akasema ni tafsiri ya mshairi wa kale aitwaye Ossian. Ulaya nzima ikayashangilia. Lakini watu wenye busara walipouliza, vitabu vyenyewe viko wapi, hawakuonyeshwa. Na baadaye ikajulikana ya kuwa mengi aliyatunga Macpherson mwenyewe. Evans alikwenda njia nyingine. Kwa kuhimizwa na Thomas Percy, kasisi wa Kiingereza aliyependa mashairi ya zamani, alichapa kitabu mjini London mwaka wa 1764. Ndani yake alitia tafsiri ya Kiingereza, maelezo ya Kilatini juu ya washairi wa Wales, na pia mashairi yenyewe katika Kiwelisi, ili anayejua lugha aweze kumhukumu. Thomas Gray, mshairi mashuhuri wa Kiingereza, alizisoma tafsiri zake, akapata kwazo mashairi aliyoyachapa mwaka wa 1768.

Sasa mtauliza, mtu wa elimu kama hii, kwa nini hakupandishwa daraja? Thomas Percy, rafiki yake, alikuwa askofu mwaka wa 1782. Evans alibaki msaidizi. Twaona sababu mbili, na haifai kuitaja moja na kuificha nyingine.

Sababu ya kwanza ilikuwa katika serikali ya kanisa. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia hakuwekwa Wales askofu aliyezaliwa na lugha ya nchi, hata mwaka wa 1870 alipowekwa Joshua Hughes. Maaskofu walikuwa Waingereza, na wengi walikaa muda mfupi tu wakingoja kuhamishiwa penye mapato makubwa zaidi. Mitaa iliyo mizuri walipewa jamaa na rafiki zao. Chukueni mfano wa Trefdraeth katika Anglesey. Mwaka wa 1766 aliwekwa huko Dr Thomas Bowles, mzee wa Kiingereza asiyejua Kiwelisi, juu ya watu kama 500, na katika hao watano tu ndio waliojua Kiingereza. Wazee wa kanisa walishtaki, na chama cha Cymmrodorion kikawasaidia. Mwaka wa 1773 hakimu alisema ya kuwa ni haki kasisi ajue lugha ya watu wake. Lakini kwa kuwa Bowles amekwisha kuwekwa, hawezi kuondolewa. Wakashinda kwa maneno, wakashindwa kwa tendo. Mzee akabaki mahali pake hata alipokufa mwaka ule ule. Evans aliwachukia maaskofu hao, akawaandikia maneno makali, hata katika dibaji ya hotuba za dini alizozichapa mwaka wa 1776. Na mtu anayemshambulia kwa chapa yule mwenye kutoa vyeo, ni dhahiri hatapewa cheo.

Sababu ya pili ilikuwa ndani yake mwenyewe. Evans alikuwa mlevi. Rafiki zake walihuzunika, wakamwonya, na adui zake wakapata neno la kusema. Kila mara watu wa Wales waliponung'unika ya kuwa mwanachuoni wao ananyimwa haki, mkubwa aliweza kujibu kwa urahisi: mtazameni. Alikuwa na dai la haki, akawapa wakubwa silaha ya kulipigia. Ndugu, hatusemi haya ili tumhukumu marehemu. Twayasema kwa sababu sisi sote twawajua wenzetu waliokuwa na kalamu nzuri kuliko zetu, na leo hawamo katika mkutano huu.

Matajiri walimsaidia kwa muda. Sir Watkin Williams Wynn alimpa fedha na ruhusa ya kusoma vitabu vya nyumba yake ya Wynnstay, kisha msaada ule ukakatwa. Katika siku alizotumika Basaleg aliyaona magofu ya jumba la Ifor Hael, tajiri wa karne ya kumi na nne aliyesifiwa kwa kuwakirimu washairi. Akatunga shairi fupi juu ya miiba na bundi waliorithi mahali pa nyimbo. Wawelisi wengi hulijua shairi hilo hata leo. Si ajabu kwamba alilitunga yeye, aliyekuwa amezunguka nchi nzima akitafuta mkarimu wa namna ile asimpate.

Mwisho, katika uzee, Paul Panton wa Plas Gwyn, Anglesey, alifanya naye mapatano. Panton atamlipa paundi 20 kila mwaka, na vitabu vyote alivyonakili vitakwenda Plas Gwyn. Hapakuwa na kiinua mgongo kwa kasisi msaidizi. Vitabu vyake ndivyo vilivyokuwa kiinua mgongo chake. Alivyoandika kwa mkono wake miaka thelathini ndivyo vilivyomlisha miaka michache ya mwisho. Alikufa mwezi wa Agosti mwaka wa 1788, pale pale Cynhawdref alipozaliwa, hali akiwa maskini.

Lakini habari yake haikwisha hapo. Vitabu vyake, karibu mia moja, vilikuwa salama. Kati ya mwaka wa 1801 na 1807 vilichapwa London vitabu vitatu vikubwa vya mashairi na maandiko ya kale ya Wales, viitwavyo Myvyrian Archaiology, kwa gharama ya Owen Jones, mfanya biashara ya ngozi. Wenye kuvitengeneza walikwenda Plas Gwyn kutumia nakala za Evans. Mmoja wao alikuwa Edward Williams, aitwaye Iolo Morganwg, mtu hodari sana, ambaye alikuwa na tabia ya kutunga maneno mwenyewe na kuyaandika kana kwamba ni ya wazee. Akayachanganya na yale ya kweli. Zaidi ya miaka mia wasomi walidanganyika, hata katika miaka ya 1920 G. J. Williams alipoanza kuyatenga ya kweli na ya uongo. Basi tazameni tofauti. Yule mwenye akili nyingi alipokuwa akinakili aliongeza, na walimu wa Wales wakapata kazi ya vizazi vitatu kusafisha. Evans alinakili alichokiona, na penye neno asilolifahamu akasema halifahamu. Kwa hiyo nakala zake zaaminika. Leo vitabu vyake vimo katika Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoanzishwa mwaka wa 1907 mjini Aberystwyth, si mbali na shamba alilozaliwa.

Ndugu wanachama, yako maneno ambayo yatupasa kuyakiri mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitumika katika wilaya moja ya bara. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa akijua habari za ukoo wake tangu walipohama, majina ya viongozi wao, na nyimbo walizoimba njiani. Mara mbili alituambia, "Mwanangu, wewe wajua kuandika, njoo na karatasi yako." Tulimjibu, "Subiri, Babu, tumalize mahesabu ya mwisho wa mwaka." Mahesabu yalikwisha, tukapata livu, tukaenda kwetu. Tuliporudi tulikuta kaburi lake limekwisha kuota majani. Mahesabu yale hatukumbuki hata tarakimu moja. Tangu siku ile hatuwezi kusikia habari za Evan Evans bila kuona haya.

Mtu aweza kusema, chama chetu kina mambo ya haraka zaidi: mishahara, nyumba, na kupandishwa daraja. Kweli, na tusiache kuyadai. Wawelisi nao waliidai haki yao ya Trefdraeth mbele ya hakimu, na chama chao kikasaidia. Wala hawakuacha kukusanya vitabu vyao wakingoja hukumu. Lau Evans angalisema, nitaanza kunakili siku nitakapopewa mtaa wangu, asingaliandika hata ukurasa mmoja.

Basi twaomba kila mwanachama, popote alipo, amtafute mzee mmoja tu kabla ya mkutano wetu ujao. Aandike anayoambiwa, na jina la aliyemwambia, na mahali, na tarehe. Asilisahihishe neno kwa kuwa limemshangaza. Asiongeze ili hadithi ipendeze. Penye shaka aandike kwamba pana shaka. Kisha afanye nakala mbili, moja abaki nayo, ya pili ailete kwa Katibu, maana karatasi iliyo mahali pamoja ni chakula cha mchwa. Kazi hiyo haihitaji kibali cha mkubwa wala kupandishwa daraja. Yahitaji mkono tulio nao tayari.

Hayo ndiyo maneno yetu.